Bi Mizani na Kilo za Baba

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki wala kuvaa sare ya shule, Bi Mizani alikuwa na kazi moja, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Aliingia katika chumba cha kukandia, nyuma ya nyumba, akapangusa vumbi la unga juu ya mizani kubwa ya chuma. Kisha alisukuma kijiwe cha mizani mpaka mwanzo kabisa wa mkono wake wa shaba, akainama, akafumba jicho moja na kutazama kama mkono umelala sawa. Ukiinuka kidogo au ukishuka kidogo, aliizungusha polepole nati ndogo iliyokuwa nchani, mpaka mkono ukatulia. Hapo ndipo alipopaza sauti.

"Sufuri, Baba!"

"Sufuri!" Baba aliitikia kutoka kwenye tanuri, na kazi ya siku ikaanza.

Jina la Bi Mizani alipewa na Shangazi, na lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mdadisi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Hata wenzake shuleni walimwita hivyo. Wakigombania kipande cha muwa au mstari wa mpira, walisema, "Mwiteni Bi Mizani aamue," naye aliamua, tena kwa uso mkavu kama hakimu.

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya mikate. Baba alichoma mikate. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alipima unga na kuukanda. Mama aliiuza mikate kwenye dirisha pana lililotazama barabara. Shangazi alikuwa na mwili mkubwa na kicheko kikubwa kuliko mwili. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba, naye aliivaa kwa mambo mawili tu: kusoma mizani na kukagua kucha za Bi Mizani.

Mchana, tanuri lilipopoa, Baba alivaa viatu vyake vya mbio na kutoka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alikuwa mmoja wa kundi la wakimbiaji watu wazima ambao mtaa mzima uliwaita Timu ya Mvi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, dereva wa lori, wauzaji wawili wa vitambaa, na kiongozi wao alikuwa Muuguzi, mama wa miaka hamsini na kitu aliyefanya kazi zahanati ya jirani. Walikimbia, wakataniana, wakarudi wamelowa jasho wakinunua mikate dirishani kwa Mama. Mara moja kwa mwaka walishiriki mbio ndefu za mji, kilomita ishirini na moja, kutoka uwanjani hadi darajani na kurudi.

Mwaka uliopita Baba alikimbia vizuri mpaka kona ya mwisho. Hapo ndipo Spoki alipompita. Spoki, naye wa Timu ya Mvi, alikuwa fundi baiskeli wa barabara ya pili, rafiki yake Baba tangu darasa la kwanza, mtu mwembamba tangu alipozaliwa na mwenye mdomo usiojua likizo. Tangu siku ile hakumpa Baba nafasi ya kupumua.

"Boflo," alimwambia, yaani mkate, kwa maana hilo ndilo jina la Baba katika Timu ya Mvi, "mimi nilikimbia peke yangu. Wewe ulikimbia na gunia la unga tumboni. Haki iko wapi?"

Watu walicheka, Baba naye akacheka. Lakini usiku huo alijitazama sana kwenye kioo, akivuta tumbo ndani, akiliachia, akilivuta tena. Mama alimwona akajifanya hamnazo.

Ndipo Baba alipoanza vita vyake na kilo. Kila asubuhi, Bi Mizani alipokwisha kuweka sufuri, Baba alipanda juu ya mizani kabla ya unga, akajipima.

"Uzito ndio breki," alitangaza. "Nikitoa breki, Spoki ataniona mgongo tu."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Aliacha soda, akapunguza sukari kwenye chai, akaacha kumalizia mikate iliyobaki jioni. Kilo chache zilimtoka, suruali ikalegea, na alirudi mazoezini akiimba. Shangazi alimsifu. Mama alimpunguzia suruali kiunoni. Kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Hakuishia hapo. Siku moja mizani ilisema sabini na mbili, na siku zilizofuata ikaendelea kusema sabini na mbili, ikang'ang'ania hapo hapo. Baba akakasirika kana kwamba mizani imemtukana. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha nusu ya chakula cha mchana. Jioni akanywa maji ya moto yenye limau, akalala.

"Mchoma mikate asiyekula mkate!" Shangazi alisema, mikono kiunoni. "Wateja wakisikia watasema tumetia sumu."

"Dada, nikifika sabini nitakula," Baba alijibu. "Nimeapa. Siku mizani itakaposema sabini, nitakula maharage sahani nzima, na mayai, na mkate wa moto. Si kabla."

"Na mizani ikikataa?"

"Haitakataa."

Lakini ilikataa. Baba akawa mtu mwingine. Yeye aliyekuwa na utani kuliko wote alianza kufoka kwa mambo madogo: mlango uliofungwa kwa kishindo, ndoo iliyowekwa njiani. Mazoezini alirudi wa mwisho, uso umemshuka, akasema viatu vimechakaa. Asubuhi moja, akitoa mikate tanurini kwa koleo refu la mbao, mikono ilimtetemeka, koleo likamponyoka, na mikate yote ikabiringika sakafuni. Baba alishika ukuta na kufumba macho. Jasho lilimtoka, lakini halikuwa jasho la joto.

"Baba!" Bi Mizani alimkimbilia.

"Si kitu, mwanangu. Joto tu la tanuri."

Bi Mizani alikuwa amekulia mbele ya tanuri lile. Alimjua Baba wa joto, na huyu hakuwa yeye. Siku ile darasani hakusikia neno la mwalimu. Alimwona Baba ameshika ukuta, tena na tena. Alimpenda sana baba yake. Alimpenda alivyonukia hamira, alivyombeba begani alipokuwa mdogo, alivyoitikia "Sufuri!" kila asubuhi kana kwamba ameambiwa habari njema kuliko zote duniani. Akawaza, Baba ameapa kula mizani ikisema sabini. Na mizani ni ya nani?

Kesho yake aliingia chumbani mapema. Akapangusa vumbi, akasukuma kijiwe mwanzoni, akainama. Mkono ulikuwa umelala sawa kabisa. Bi Mizani aliitazama nati, akatazama mlangoni, kisha akaizungusha. Akaizungusha tena, mpaka karibu ifike mwisho.

"Sufuri, Baba!" Sauti ilimtoka nyembamba.

"Sufuri!"

Baba alikuja, akavua viatu, akapanda. Bi Mizani alimsukumia kijiwe mwenyewe. Mkono ulielea, ukatulia, na Baba akainamisha kichwa kusoma.

"Sabini!" alipiga kelele. "Sabini, jamani! Dada! Mama Mizani! Njooni mwone!"

Alimnyanyua Bi Mizani, akazunguka naye katikati ya magunia mpaka unga ukatimka. Kisha akala. Alikula maharage sahani nzima, akala mayai, akaupasua mkate wa moto kwa mikono na kuufuta nao mchuzi wote. Mama alisimama mlangoni akimtazama, akitabasamu na kujifuta macho kwa upande wa kanga. Bi Mizani aliona dunia nzima imekaa sawa. Shuleni siku hiyo alicheka hata kwa vitu visivyochekesha.

Alikuwa amepanga kuirudisha nati mahali pake siku ile ile. Lakini kesho yake Baba alitaka kujipima tena. Kama angerudisha sufuri ya kweli, Baba angeona kilo mbili zimerudi kwa siku moja, na vita vingeanza upya. Kwa hiyo aliiacha. Siku iliyofuata akaiacha tena. Kila asubuhi alipaza sauti, "Sufuri, Baba!" na kila asubuhi alikwepa kuutazama ule mkono wa shaba.

Baba alinawiri. Rangi ilimrudia, utani ukamrudia, hata usingizi ukamrudia. Na jambo moja zaidi: mbio zikamrudia. Alirudi jioni akiruka ngazi.

"Leo mguu ulikuwa mwepesi! Nimemshika Spoki mlimani, tukaenda bega kwa bega. Alikuwa anahema kama pampu yake mwenyewe!"

Sasa, Bi Mizani aliliwaza tumbo la Baba, akaiwaza mizani, akaviwaza vyote hivyo mpaka kichwa kikamuuma. Kitu kimoja tu hakukiwaza, nacho kilikuwa kimejaa magunia chumba kizima. Hakuuwaza unga.

Shangazi aliupima unga kwenye mizani ile ile. Maji aliyapima kwa kopo, chumvi na hamira kwa mizani ndogo ya mezani. Mizani kubwa iliposema unga umetosha, kumbe ulikuwa umezidi, na Shangazi hakuwa na habari. Aliingiza mikono, akakanda, akakunja uso.

"Unga wa leo una kiu," alisema. "Mgumu kama udongo." Akaongeza maji, akakanda tena, akaongeza tena. Donge likalainika, lakini chumvi na hamira zilikuwa zile zile za kawaida, zimepotea katika unga mwingi. Mikate ilitoka tanurini mifupi, mizito, isiyo na ladha.

Wa kwanza kurudisha mkate alikuwa mwalimu mstaafu wa Timu ya Mvi. Aliuweka dirishani kwa adabu, kama mtu anayerudisha daftari la mwanafunzi.

"Shemeji," alimwambia Mama, "mkate huu umepooza. Mmesahau chumvi?"

Siku ya pili wakarudi watatu. Siku ya tatu Mama alifunga dirisha mikate ikiwa bado imejaa kwenye trei. Baba alimega kipande, akatafuna, akakitema.

"Dada, unapima sawasawa?"

"Napima kama nilivyopima miaka yote."

"Basi mbona hivi?"

"Huo unga umezidi. Mikono yangu inaniambia umezidi."

"Utazidije? Mizani haidanganyi, Dada. Na Bi Mizani anaiweka sufuri mwenyewe kila siku." Baba alimgeukia. "Si ndiyo, mwanangu?"

Bi Mizani alitazama vidole vyake vya miguu. "Ndiyo, Baba," alisema, kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia. Lakini Baba aliisikia.

"Unaona? Basi labda ni macho, Dada. Usichukie. Hata mimi siku hizi nasoma gazeti kwa mkono mrefu. Kuanzia kesho nitapima na kukanda mwenyewe. Wewe ukae dirishani na Mama, upumzike kidogo."

Shangazi alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya kukandia. Bi Mizani hakuwahi kumwona akiikunja. Siku zote aliitupa tu kwenye msumari.

Jioni, Bi Mizani alimkuta Shangazi peke yake chumbani, amesimama mbali na ukuta, miwani usoni, anaikodolea macho kalenda.

"Njoo, Bi Mizani wangu. Nitakusomea ule mstari wa chini, uniambie kama nakosea."

Akausoma. Akausoma wote, bila kukosa hata tarehe moja.

"Ni sawa, Shangazi."

"Una hakika? Hunionei huruma?"

"Nina hakika."

Shangazi alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake, akaivaa tena. "Basi si macho," alisema polepole. "Basi ni mikono. Nilidhani mikono hii inajua unga hata nikiwa usingizini. Kumbe nimezeeka, mwanangu, na sikuambiwa." Alijaribu kucheka kile kicheko chake kikubwa, kikatoka kidogo, kikafia njiani.

Bi Mizani alitaka kusema. Badala yake alishika ufagio, akafagia unga sakafuni.

Na mambo yalikuwa hayajaisha. Walipokaa kula usiku, Baba aliisukuma sahani yake katikati ya meza ikiwa imejaa.

"Nimewaza," alisema, macho yakimng'aa. "Kilo mbili tu zimenipa miguu namna hii. Je, nikitoa nyingine tatu? Mbio ziko karibu. Nitakula tena baada ya mbio."

"Tumerudi kule kule," Mama alisema, akaweka kijiko chini.

Bi Mizani aliitazama ile sahani iliyosukumwa. Alikuwa amedanganya ili ile sahani iliwe. Sasa sahani haikuliwa, mikate hailiki, na Shangazi amekunja aproni mara nne. Alijiona mdogo kuliko ile nati.

Kesho yake asubuhi wote walikuwa chumbani. Shangazi alikuja, ingawa aliambiwa apumzike, ili amwonyeshe Baba mahali anapoweka kopo la chumvi. Aliongea kwa upole uliopita kiasi, kama mgeni anayeaga. Baba alikunja mikono ya shati.

"Haya, Bi Mizani. Sufuri?"

Bi Mizani alikuwa ameinama mbele ya mizani. Aliigusa nati, akaiacha.

"Bi Mizani? Sufuri?"

Mama alisogea karibu. Bi Mizani alipiga moyo konde, akainuka.

"Si sufuri, Baba."

"Basi irekebishe, mwanangu. Unga unasubiri."

"Si ya leo tu, Baba. Haijawa sufuri tangu siku ile ya sabini. Nilizungusha nati mimi."

Baba alimtazama kama hajasikia vizuri. Kisha akaja, akasukuma kijiwe mwanzoni, akaona jinsi mkono ulivyolala upande. Akaizungusha nati yeye mwenyewe, polepole, mpaka mkono ukatulia. Alivua viatu, akapanda.

"Sabini na mbili," alisoma. Aliangalia tena. "Na ushee."

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo lililomtia Bi Mizani uchungu zaidi.

"Ulisema hutakula mpaka iseme sabini. Na ulikuwa unatetemeka, Baba. Ulishika ukuta. Nikaogopa utaanguka ndani ya tanuri." Hapo machozi yakamshinda. "Unga sikuuwaza. Wallahi sikuuwaza. Halafu mikate ikaharibika, na nikaogopa kusema, na Shangazi akasingiziwa macho, na mikono, na..."

Baba alikaa juu ya gunia, kwa uzito wake wote wa sabini na mbili na ushee. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akainuka, akamwendea dada yake, akasimama mbele yake kama mtoto.

"Dada, nisamehe. Uliniambia unga umezidi, nikakiamini chuma kuliko wewe."

Shangazi alikuwa ameiinua mikono yake miwili mbele ya uso, anaitazama juu na chini kana kwamba ameletewa mipya. "Kumbe ni mizima!" alisema. "Jamani, mikono yangu ni mizima! Ilikuwa inasema kweli!" Akaangua kicheko, kile chenyewe, mpaka mabati ya kuokea yakalia, na machozi yakimtiririka kwenye unga.

Alipokwisha kucheka, alimgeukia Bi Mizani, na uso wake ukabadilika.

"Na wewe. Nilikusomea kalenda nzima, mtoto wewe. Ukaniacha niende kulala nikijua nimezeeka."

Bi Mizani alilia, na hakuna aliyemkataza. Shangazi alimwacha alie mpaka kwikwi zikapungua, ndipo akamvuta kifuani, kwenye miwani na vumbi la unga.

"Mizani utaiacha kwa sasa," Baba alisema. "Nitaiweka sufuri mwenyewe. Na leo baada ya shule utakaa dirishani na Mama, na kila aliyenunua mkate uliopooza utamwambia wewe mwenyewe kilichotokea."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Mwalimu mstaafu alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akanunua mkate mpya. Dereva wa lori alicheka hadi akashika mbavu. Muuguzi alisikiliza kwa makini kuliko wote, kisha akamwita Baba aje dirishani.

"Boflo, siku ile ulipomshika Spoki mlimani, ulikuwa kilo ngapi?"

"Nilidhani sabini."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

Baba alijikuna kichwa. "Sabini na mbili."

"Na zile siku ulizorudi wa mwisho?"

"Hizo hizo sabini na mbili."

"Basi kilichobadilika ni nini?"

Baba alitazama mkate uliokuwa mkononi mwa Muuguzi. "Nilikuwa nimekula," alisema.

"Umejijibu," Muuguzi alisema. "Si uongo, mafuta ya ziada ni mzigo, na ulipoacha soda ulifanya vema, ukakimbia kwa wepesi. Lakini mwili ukinyimwa chakula hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Misuli ndiyo inayokusukuma mlimani. Na sisi wenye mvi, ikituondoka hairudi upesi kama kwa vijana. Kula vizuri, lala, fanya mazoezi, na kilo ziache zikae zinapotaka kukaa. Na ukiona kizunguzungu tena usishike ukuta. Njoo zahanati."

"Nimesikia, kiongozi," Baba alisema.

"Na mkate huu nauchukua," Muuguzi akaongeza. "Leo unanukia mkate."

Siku ya mbio ilifika. Bi Mizani, Mama na Shangazi walisimama karibu na utepe wa mwisho, Shangazi amevaa miwani yake ili asikose kitu. Wakimbiaji vijana walipita kwanza, kisha wakafuata watu wazima. Spoki alitokea kwenye kona, kiwiliwili kimenyooka, mikono inachapa upepo. Nyuma yake, hatua chache tu, alikuwa Baba, uso unang'aa kwa jasho, meno yote nje.

"Baba! Baba!" Bi Mizani alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Baba alikaza. Spoki naye alikaza. Spoki alivuka kwanza, Baba akavuka nyuma yake kabisa, karibu wagongane. Walishikana mabega wakihema, wazee wawili waliokuwa darasa moja.

"Boflo," Spoki alisema, akitafuta pumzi, "mwaka huu gunia lako limekimbia! Nilikuwa nalisikia kisogoni njia nzima!"

"Mwaka huu gunia limeshiba," Baba alijibu, nao wakacheka mpaka wakaketi chini. Alikuwa amekimbia haraka kuliko mwaka uliopita, haraka kuliko alivyowahi kukimbia, na hakuonekana kumjali aliyemtangulia.

Jioni walikula pamoja, Spoki naye akiwemo, na hakuna sahani iliyosukumwa. Baba aliinuka kutaka kusema neno, akashindwa kuanza, akakaa. Shangazi ndiye aliyemgeukia Bi Mizani.

"Mwanangu, najua ulidanganya kwa kumpenda baba yako. Sikatai. Lakini mizani haijui nani anapendwa. Uliipinda kwa ajili ya mtu mmoja, ikatupunja sote: mimi, Mama, wateja, na yeye mwenyewe uliyetaka kumsaidia, akarudi kujinyima. Siku ile alipotetemeka ungemwambia, 'Baba, naogopa.' Maneno mawili tu. Yangefanya kazi kuliko nati yote ile."

"Na mimi," Baba akasema, sasa akiwa amepata pa kuanzia, "nilikuwa na mwili unaoniambia una njaa, na dada anayeniambia unga umezidi, nikawanyamazisha wote wawili. Ukiambiwa ukweli na wanaokupenda, sikiliza kwanza. Hilo na mimi nimelisoma uzeeni."

"Nani mzee?" Shangazi aliuliza, na wote wakacheka.

Kesho yake Bi Mizani aliamka, akaenda moja kwa moja kupiga mswaki, kama alivyokuwa akifanya tangu siku ile aliponyang'anywa kazi yake. Alikuwa bado na povu mdomoni aliposikia sauti ya Baba.

"Bi Mizani! Uko wapi leo? Unga unasubiri!"

Alitema povu, akakimbia. Chumba kilikuwa kama siku zote: magunia, meza, aproni ya Shangazi imetupwa kwenye msumari. Alipangusa vumbi juu ya mizani. Alisukuma kijiwe mpaka mwanzo. Akainama, akafumba jicho moja, akaigusa nati kwa ncha ya kidole, kidogo, kidogo tena, mpaka mkono wa shaba ukatulia.

"Sufuri, Baba!"

Alisimama akisubiri kusikia hatua zake zikija kuhakikisha. Hazikuja.

"Sufuri!" Baba aliitikia kutoka kwenye tanuri, na Shangazi akavaa miwani yake, akaanza kumimina unga.